Njaa ya Tumbo na Njaa ya Moyo

Neno njaa ni neno zito mkoani Singida. Mkoa huo uko katikati ya Tanzania, katika nyanda kavu ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Msimu huo ukiharibika hakuna msimu wa pili wa kufidia. Wazee wa nchi ya kati wamerithishana habari za Mtunya, njaa kuu iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na walio hai bado wanakumbuka ukame wa mwanzo wa miaka ya 1960, na ule wa miaka ya 1973 hadi 1975 ambapo taifa zima lililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Kwa sababu hiyo wananchi wa Singida wamejifunza kuheshimu mtama na uwele, mazao yanayostahimili jua, na kukausha majani ya mlenda ili yawafae wakati wa kiangazi.

Makala haya yanahusu njaa ya aina nyingine, ambayo humjia mtu aliyekwisha kula akashiba. Tumeichagua Singida kwa makusudi. Mahali ambapo watu wanaifahamu vyema njaa ya kweli ndipo panapofaa kujifunzia kuipambanua na ile ya bandia. Tena wako ndugu zetu kutoka Unguja na Pemba wanaofanya kazi katika mikoa ya bara kama huo, na tunayoyaeleza yanawagusa wao, jamaa zao waliobaki Visiwani, na viongozi wanaowaajiri.

Kwanza tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012, kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba watu 26 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Idadi karibu sawa na hiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu, na watu 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Uchunguzi mwingine, wa kitaifa, wa mwaka 2015 na 2016, ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wanene kupita kiasi kinachofaa. Vijijini walikuwa 21, lakini mijini walifika 42. Hatuwezi tena kusema kwamba unene ni maradhi ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Uko katika ofisi zetu, katika nyumba zetu, na katika sare zetu zisizofungika vifungo.

Ni dhahiri kwamba wengi wa ndugu hao wamekwisha kuambiwa la kufanya. Daktari amewapima, amegawanya kilo zao kwa urefu wao wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, akapata hesabu ya 25 au zaidi, ambayo ni uzito uliozidi, au 30 na zaidi, ambayo ni unene wa maradhi. Amewaambia wapunguze wanga, mafuta na sukari, na watembee kila siku. Wamekubali kwa moyo safi. Kisha baada ya wiki tatu wamerudi pale pale walipokuwa. Kwa nini?

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyezaliwa Wete au Makunduchi, akaajiriwa katika chombo cha Muungano, kisha akapata uhamisho wa kwenda Singida. Mkewe na watoto wamebaki nyumbani kwa sababu ya shule. Kazini ana majukumu mapya, wakubwa wapya na lawama mpya. Jioni, upepo wa Singida unavuma juu ya majabali, naye anafungua mlango wa chumba kisicho na mtu wa kumwitikia salamu. Nyumbani kwao, baada ya sala ya alasiri au ya magharibi, angekaa barazani, akanywa kahawa chungu, akazungumza ya siku nzima mpaka moyo ukatua. Hapa baraza hiyo hana. Lakini nje ya mlango wake kuna chipsi, kuna kuku wa kukaanga, kuna soda baridi. Anakula saa moja, na saa nne usiku anatoka tena. Hakutoka kwa sababu tumbo lilimwita. Alitoka kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno.

Mtu huyu hana upungufu wa elimu ya vyakula. Anajua kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya utomwili hutoa 4, kwa hiyo mafuta ya alizeti, hata yakiwa mazuri na yametoka katika mashamba ya mkoa wenyewe, hunenepesha yakimiminwa bila kipimo. Pengine anajua pia kuwa soda moja ya mililita 350 huwa na sukari inayokaribia vijiko 8 au 9 vya chai. Asichokijua ni kile kinachomtoa kitandani na kumpeleka kwenye kibanda cha chipsi. Maadamu hakijui, kila azimio lake litavunjika usiku.

Sayansi imetusaidia kueleza jambo hili. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua homoni iitwayo leptini, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua grelini, inayotoka tumboni na kuuarifu ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Hao ndio wajumbe wa njaa ya tumbo. Lakini yuko mjumbe mwingine, kotisoli, anayetoka katika tezi zilizo juu ya mafigo wakati mtu anapokuwa na fadhaa. Fadhaa ikidumu siku nyingi, kotisoli huweza kuamsha tamaa ya kula, hasa vitu vitamu na vyenye mafuta. Vitu hivyo humtuliza mtu kweli, ila kwa muda mfupi tu, na ubongo hukariri: ukiwa na dhiki, nenda kale. Mazoea hayo yakikomaa humwendesha mtu bila yeye kujijua.

Usingizi nao una sehemu yake. Katika jaribio lililofanywa Chicago na kutangazwa mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walilala saa 4 tu kwa usiku mbili. Leptini yao ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ya vyakula vitamu na vya wanga ikaongezeka. Mtumishi anayekesha na mafaili, au na simu mkononi, huamka akiwa na njaa ambayo si ya kazi aliyoifanya.

Basi mtu atazitofautishaje njaa hizi mbili? Njaa ya tumbo huja polepole, saa kadhaa baada ya mlo uliopita, na hukubali chakula chochote cha halali kilichopo. Mtu akishiba, huondoka bila kumwachia majuto. Njaa ya moyo huja ghafla, mara nyingi baada ya neno baya, habari mbaya au saa ya uvivu. Huchagua kitu maalumu na kukataa vingine, haitosheki hata tumbo likijaa, na ikiondoka humwacha mtu akijilaumu. Singida inatupa kipimo kizuri cha jambo hili. Tamaa inapokujia usiku, jiulize kama ungekubali sahani ya ugali wa mtama na mlenda. Ukijibu ndiyo, una njaa: kula kwa kiasi. Ukijibu kwamba huo huutaki, unataka chipsi na soda, basi tumbo lako halikusema neno. Wenzetu wa Visiwani wanaweza kujipima kwa muhogo wa kuchemsha na dagaa, badala ya halua au sambusa.

Baada ya kuzipambanua, hatua ya pili ni kukijua kichocheo chenyewe. Tunashauri kitu rahisi kisichohitaji fedha: daftari. Kwa muda wa siku 7 andika kila ulichokula, saa uliyokula, mahali ulipokuwa, na hali ya moyo wako kabla ya kula. Usijihukumu, andika tu. Siku ya nane soma. Mmoja ataona kuwa hula ovyo kila anapotoka katika kikao chenye ugomvi. Mwingine ataona kuwa ni siku za Jumapili, asipokuwa na la kufanya. Wa tatu ataona kuwa ni kila anapopigiwa simu ya matatizo ya nyumbani. Na wako ambao kichocheo chao ni furaha, maana harusini na katika sikukuu mkono hausikii amri, au ni heshima, kwa kuwa wanaona haya kumkatalia mwenyeji anayewaongezea pilau.

Kila kichocheo kina dawa yake, na dawa hiyo mara chache hupatikana katika sahani. Mpweke anahitaji watu: apige simu nyumbani kabla ya chakula cha usiku, ajiunge na wenzake msikitini au kanisani, katika timu ya mpira au chama cha ushirika, atafute baraza mpya mahali alipo. Mchovu anahitaji kulala. Mwenye hasira anahitaji kutembea, na mji wa Singida umejaliwa maziwa mawili, Singidani na Kindai, ambayo kandokando yake mtu anaweza kwenda kwa miguu mpaka ghadhabu imtoke. Asiye na shughuli anahitaji shughuli ya mikono. Anayeona haya anahitaji maneno ya adabu aliyoyaandaa mapema: “Mashallah, chakula ni kizuri, nimeshiba, Mungu awazidishie.” Hakuna mwenyeji muungwana atakayechukizwa na dua.

Tamaa inapopanda, isipingwe kwa mabavu. Icheleweshwe. Kunywa maji, ondoka pale chakula kilipo, subiri robo saa, kisha jiulize tena. Mara nyingi tamaa ni kama wimbi, hupanda na kushuka. Tena usiweke ndani ya nyumba kile unachojua kinakushinda. Mtu anayelazimika kuvaa viatu na kutoka nje usiku kufuata chipsi amepewa nafasi ya kufikiri, ambayo hana aliyeweka kopo la kashata chini ya kitanda.

Hapa hatuna budi kuonya juu ya kosa la wengi, yaani kujinyima kupita kiasi. Katika miaka ya 1944 na 1945 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, wakapata karibu nusu ya mazoea yao kwa wiki 24. Walipungua kwa takriban robo ya uzito wao. Lakini wakawa wanawaza chakula mchana na usiku, wakasoma vitabu vya upishi kama hadithi, wakawa wakali na wenye huzuni, na waliporuhusiwa kula, wengi walikula kupita shibe kwa majuma mengi. Wazee wa Singida waliopitia njaa wangeweza kutueleza hayo bila maabara. Anayejifanyia Mtunya nyumbani mwake atazusha tamaa asiyoiweza.

Jaribio jingine la Marekani, lililotangazwa mwaka 1975 na kufanywa kwa wanafunzi wa kike huko Illinois, linafaa kuzingatiwa. Wale ambao kwa kawaida hujibana katika kula, walipopewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa matamu, walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao wenye kujibana ambao hawakupewa kinywaji hicho. Kwa nini? Waliona mpango wao umekwisha kuharibika, wakasema kama tusemavyo sisi: liwalo na liwe. Hilo liwalo na liwe limewanenepesha watu wengi kuliko andazi lenyewe. Andazi moja ni andazi moja. Aliyeteleza saa nne ya asubuhi asingoje Jumatatu ijayo, bali arudi katika utaratibu wake kwenye mlo wa mchana. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha, na mwenye kilo 100 akipungua kilo 5 hadi 10 tu, shinikizo lake la damu na sukari yake huanza kupata nafuu.

Wasomaji wetu wengi wanafunga Ramadhani, nao wana elimu ya jambo hili kuliko wanavyodhani. Kutoka alfajiri hadi magharibi mtu hukaa na njaa ya tumbo bila kuhangaika, kwa kuwa moyo wake umetulia juu ya nia na ana wenziwe. Jua linapozama ndipo njaa ya moyo inapojitokeza, na sinia ya futari ikageuka kuwa mahali pa kujilipa mateso ya mchana. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga siku 30 akamaliza mwezi akiwa mnene zaidi. Tuliosoma chuoni tungali wadogo tulifundishwa kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Fundisho hilo halikuwekewa mwezi mmoja.

Jamii nayo ina lawama yake. Kwetu kunenepa kumesifiwa kuwa ni kunawiri, na kitambi cha bwana mkubwa kimehesabiwa kuwa sehemu ya cheo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, kukonda kumebeba shaka. Mtu aliyejitahidi akapungua kilo 4 huulizwa na majirani, “Unaumwa?” Swali hilo linatosha kumrudisha kwenye sahani kwa hofu. Upande wa pili wako wanaomcheka mnene hadharani, wakidhani wanamsaidia. Hawamsaidii. Anakwenda kujifungia akala kwa fedheha, na fedheha ni kichocheo kama vingine.

Tunasema pia kwa uwazi kwamba kuna hali inayopita ushauri wa gazeti. Mtu anayekula chakula kingi mno kwa muda mfupi, mara kwa mara, akihisi hawezi kujizuia na kujificha kwa aibu, huenda ana maradhi, ambayo mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaorodhesha kuwa ugonjwa kamili unaojitegemea. Vivyo hivyo kwa mwenye huzuni isiyokwisha. Aende hospitali ya mkoa, au Mnazi Mmoja akiwa Unguja, aeleze bila kuficha. Halmashauri zina maofisa lishe, nao wapo kwa ajili hiyo.

Mwisho tunawageukia viongozi wa serikali. Taifa hili lina historia njema katika jambo la lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya mamilioni ya watu wazima wa bara katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nguvu ya kampeni hizo ilikuwa kikundi: mtu hakuachwa peke yake na ushauri. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017 wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe, ambayo kwa haki imetilia mkazo udumavu wa watoto. Lakini nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye kisukari, na lishe inahusu wote wawili.

Kuna mambo yanayowezekana bila bajeti kubwa. Chai ya saa nne katika vikao na semina, yenye sambusa, chapati, soseji na soda juu yake, yaweza kuwa maji, ndizi, matikiti, mayai ya kuchemsha na karanga kidogo. Ofisa utumishi anayempokea mgeni aliyehamishwa asimwonyeshe meza tu, bali amjulishe pia kwa watu. Maombi ya wanandoa ya kufanya kazi katika mkoa mmoja yashughulikiwe kama suala la afya, kwa kuwa ndivyo lilivyo. Jumamosi ya pili ya kila mwezi, iliyotengwa kwa mazoezi mwishoni mwa mwaka 2016 na Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais, iheshimiwe na wakubwa wenyewe, wakiwa na raba miguuni. Visiwani tuna desturi njema ya vikundi vya mazoezi kukusanyika tarehe 1 Januari. Vikundi hivyo viwe na kazi pia tarehe 2 na kuendelea, tena viwe mahali pa mazungumzo, si pa kukimbia tu.

Na kwa ndugu zetu walioko mbali na nyumbani, Singida au kwingineko, tunatoa wito mmoja. Usiku wa leo, kabla hujafungua mlango kufuata kibanda cha chipsi, ulizeni kwanza ni nani aliyebisha hodi. Akiwa ni tumbo, mpeni haki yake kwa kiasi. Akiwa ni moyo, mpigieni simu mtu anayewapenda.